Jina Lililohama: Shinyanga, Old Shinyanga na Mamlaka ya Kuita Mahali

Katika orodha ya kata za Manispaa ya Shinyanga, kati ya majina kama Ibadakuli, Kizumbi, Kolandoto, Mwamalili na Ndembezi, limo jina moja ambalo nusu yake si ya Kisukuma wala ya Kiswahili. Jina hilo ni Old Shinyanga. Huandikwa hivyo katika nyaraka za serikali, hutamkwa hivyo hata na mtu asiyejua neno jingine la Kiingereza, na mtoto anayezaliwa huko hulipokea kama anavyopokea jina lolote la kwao. Hakuna anayeshtuka. Mgeni akiuliza kwa nini mahali penye watu, mashamba na mifugo paitwe kwa neno la kigeni lenye maana ya ukuukuu, jibu la kawaida ni kwamba ndipo Shinyanga ilipokuwa zamani. Jibu hilo ni sahihi, ila linaficha mambo mengi kuliko linavyoeleza. Mahali hapahami. Kinachohama ni ofisi, soko na watu; na katika tukio hili lilihama pia jina.

Historia ya kubadilishwa kwa majina ya makazi ya kikoloni nchini Tanzania imezoeleka kusimuliwa kwa mfano wa bendera. Mtawala mmoja hushusha yake, mwingine hupandisha yake, jina la kwanza hufutwa na la pili huandikwa. Mfano huo unafaa kwa baadhi ya miji, lakini unashindwa kuieleza Shinyanga, ambayo Wajerumani hawakuipa jina lao, Waingereza hawakuifutia jina lolote, na serikali ya uhuru haikuona sababu ya kuligusa jina lililokwisha kuwa la wenyeji. Hata hivyo makazi ya kwanza ya serikali mahali hapo yalibadilishiwa jina na watawala wapya, tena kwa njia ya kimyakimya kiasi kwamba hakuna aliyeona haja ya kulalamika.

Majina yaliyokufa pamoja na bendera

Ili kuelewa upekee wa Shinyanga, inafaa kwanza kuyatazama majina yaliyofuata mkondo uliozoeleka. Huko Usambara Wajerumani waliyaita makao ya wilaya yao Wilhelmsthal, yaani bonde la Wilhelm, kwa heshima ya Kaisari wao. Kusini mwa Ziwa Tanganyika walijenga Bismarckburg, ngome ya Bismarck. Kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa kulikuwa na Wiedhafen na Sphinxhafen, majina mawili yenye neno la Kijerumani la bandari. Waingereza walipoitwaa nchi katika Vita Kuu ya Kwanza, majina hayo yote yaliondoka: Wilhelmsthal ikawa Lushoto, Bismarckburg ikawa Kasanga, Wiedhafen ikawa Manda na Sphinxhafen ikawa Liuli.

Meli nazo zilibadilishiwa majina. Graf von Götzen, iliyozamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 na kuibuliwa baadaye, ilirudi majini mwaka 1927 kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la kienyeji la sehemu ya Ziwa Tanganyika.

Ni rahisi kuyasoma mabadiliko haya kama tendo la kuheshimu lugha za wenyeji. Usomaji huo hauna ushahidi wa kutosha. Serikali ya Uingereza ilipotafuta jina jipya la koloni lililokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, miongoni mwa mapendekezo yaliyofika mezani yalikuwemo Smutsland, New Maryland, Windsorland na Victoria. Jina la Tanganyika, lililokubaliwa mwaka 1920, lilishinda kwa sababu halikumtukuza jenerali yeyote wala halikuleta mzozo. Ziwa kubwa la kaskazini, ambalo Wasukuma waliliita Nyanza, liliendelea kuitwa Victoria. Haja ya Waingereza ilikuwa kumfuta Mjerumani, na lugha za wenyeji zilikuwa karibu, zikatumika kama kifutio. Pale ambapo jina la kigeni lilikuwa la Kiingereza, kifutio hakikutolewa.

Lakini hata majina ya Kiingereza hayakudumu yote. John Hanning Speke alipotoka Kazeh, mahali panapojulikana leo kama Tabora, mwezi Julai 1858, alipita katika nchi ya Wasukuma hadi akaliona ziwa tarehe 3 Agosti. Njiani alitoa majina kwa wingi. Mkono mmoja wa maji aliuita Jordans Nullah, kwa kukumbuka nyumba ya familia yake huko Somerset, na visiwa alivyoviona aliviita kwa jina la Bengal, kwani alikuwa askari wa jeshi la India. Majina hayo mawili yamo katika vitabu vya historia tu. Hakukuwa na karani aliyeyaandika kwenye daftari la kodi, hapakuwa na posta wala kituo cha polisi kilichoyatumia, na mvuvi hakuwa na sababu ya kujua kwamba maji anayotupia nyavu yamepewa jina la nyumba ya Mwingereza. Ghuba ya Speke na Ghuba ya Emin Pasha, kwa upande mwingine, zilipata bahati ya kuingia katika ramani zilizochapishwa tena na tena na tawala zilizofuata, na hadi leo mwanafunzi wa Chato hufundishwa kwamba ghuba iliyo karibu na kwao ni ya mtu huyo.

Tofauti kati ya majina haya inaonyesha jambo la msingi. Kulitamka jina jipya ni kazi nyepesi, na kila msafiri wa karne ya 19 aliifanya. Kazi nzito ni kulifanya litumike, nayo huhitaji taasisi: ofisi inayoandika barua, mhuri wa posta, bei ya tikiti ya treni, orodha ya shule. Wilhelmsthal ilikuwa na taasisi za namna hiyo na bado ilikufa, kwa kuwa zilikuwa taasisi za dola iliyoshindwa. Jordans Nullah haikuwa nazo kabisa. Jina la Shinyanga lilikuwa na mzizi kwa wenyeji na likapata taasisi kutoka kwa watawala wawili mfululizo. Nguvu hiyo maradufu ndiyo iliyoliwezesha kuhama bila kufa.

Mkono wa karani

Wajerumani waliiweka Shinyanga chini ya wilaya ya Tabora kama tawi dogo la utawala, na wakaiandika Schinjanga. Ushirombo, upande wa magharibi, waliiandika Uschirombo, na Mwanza waliiandika Muansa. Tahajia hizo si makosa. Herufi tatu za sch ndizo zinazotoa sauti ya sh katika Kijerumani. J husomwa kama y. Na herufi s ikitangulia irabu husomwa kama z ya Kiswahili, ilhali z yao ina sauti ya ts. Karani aliyeandika Muansa alitaka wenzake wasome jina karibu na alivyolisikia, na akafanikiwa.

Swali la kumuuliza karani huyo ni alilisikia kutoka kwa nani. Wasukuma husema Ng'wanza. Sauti hii ya ng'w ya Kisukuma hulingana na mw ya Kiswahili katika maneno mengi ya asili moja: ng'wana ni mwana, ng'waka ni mwaka. Kwa hiyo Mwanza ni Ng'wanza iliyopita katika kinywa cha msemaji wa Kiswahili, yaani mpagazi, mkalimani, askari au mfanyabiashara aliyetoka pwani au aliyejifunza lugha ya pwani. Wajerumani walitawala bara kwa kutumia watu hao na lugha yao. Jina la mahali lilipofika kwenye ramani mjini Berlin, lilikuwa limekwisha kusanifishwa mara moja njiani, hata kabla ya Kamati ya Kiswahili ya nchi za Afrika Mashariki kuundwa mwaka 1930.

Mabadiliko hayo hayo yameyapata majina mengi ya Shinyanga yanayoanza na Mwa-. Katika Kisukuma kiambishi ng'wa- hutangulia kwa kawaida jina la mtu, kwa maana ya kwa fulani. Mwamalili kwa Kisukuma ni Ng'wamalili, na Mwadui ni Ng'wadui. Msomaji wa Kiswahili asiyejua hivyo huona silabi tupu. Msukuma husikia ndani yake jina la mtu aliyekaa hapo, na huweza kuuliza alikuwa nani.

Waingereza walipochukua nchi walikuja na kanuni ya tahajia iliyowekwa na Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London tangu 1885: irabu zisomwe kama za Kiitalia na konsonanti kama za Kiingereza. Kanuni hiyo ililingana kwa bahati na tahajia ambayo wamisionari wa Kiingereza walikwisha kuitumia kuandika Kiswahili. Kwa hiyo Schinjanga ikawa Shinyanga, Muansa ikawa Mwanza, na Udjidji ikawa Ujiji. Kwa jicho hili ni badiliko la herufi chache. Kwa jicho la utawala lilikuwa tangazo: barua iliyoandikwa Schinjanga ilikuwa barua ya jana. Maelfu ya majina yalibadilishwa namna hiyo nchini kote bila sheria hata moja inayotaja mji mmojammoja, na hakuna kumbukumbu ya maandamano. Watu hawakujua kwamba majina yao yamebadilishwa, kwa kuwa wao hawakuwa wakiyaandika, na walipoyatamka yalisikika vilevile.

Reli yatafuta mji wake

Mwanza ilitekwa na Waingereza mwezi Julai 1916 na Tabora ikaangukia mikononi mwa Wabelgiji mwezi Septemba mwaka huo huo. Shinyanga, iliyo kati ya miji hiyo miwili, iliingia katika utawala mpya pamoja na boma lake la zamani. Miaka kumi ya kwanza haikuleta badiliko kubwa. Badiliko lililetwa na reli kutoka Tabora kwenda Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928.

Njia ya reli huchagua mahali kwa hesabu zake: mteremko, maji ya injini, umbali kati ya stesheni. Haikupita kwenye boma. Stesheni ilijengwa kilomita kadhaa mbali nalo, na kwa kuwa pamba, ngozi na mahindi vilianza kusafiri kwa treni, maduka ya Wahindi na Waarabu, maghala na hatimaye ofisi za serikali zilifuata. Stesheni ilihitaji jina la kuandikwa kwenye kibao na kwenye tikiti. Ikapewa jina la wilaya na la boma: Shinyanga. Tangu hapo kulikuwa na Shinyanga mbili, na kwa kuwa ofisi, posta na treni vilikuwa katika ile ya pili, ile ya pili ndiyo iliyoitwa Shinyanga bila nyongeza. Ya kwanza ilihitaji kutofautishwa. Ikaitwa Old Shinyanga.

Hapa ndipo inapofaa kukumbuka desturi ya Wasukuma na Wanyamwezi kuhusu makao ya mtemi. Makao hayo yaliitwa ikulu. Mara nyingi mtemi mpya aliposimikwa alijenga ikulu yake mahali papya na kuyaacha ya mtangulizi wake. Makao ya utawala yaliyohama hayakuwa ajabu, basi, kwa watu wa Shinyanga. Walikwisha kuyaona vizazi na vizazi. Lakini katika desturi hiyo jina la utemi lilikuwa la nchi na watu wake wote. Ikulu ilipohama, Busiya ilibaki Busiya, na mahali palipoachwa palibaki na jina lake dogo la awali. Hapakuwa na Busiya ya zamani na Busiya mpya. Serikali ya kikoloni iligeuza utaratibu huo. Kwake yeye jina lilikuwa la ofisi, na ofisi ilipohama ililibeba jina kama inavyobeba kabati la mafaili.

Wajerumani nao walikwisha kufanya hivyo. Kituo chao cha Langenburg, kilichoanzishwa mwaka 1893 kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, kilihamishiwa milimani baada ya miaka michache. Kipya kikaitwa Neu-Langenburg, na cha ufukoni kikawa Alt-Langenburg. Yote mawili yalifutwa na Waingereza, na Neu-Langenburg sasa ni Tukuyu. Mfano wa Moshi uko karibu zaidi na wa Shinyanga. Boma la Wajerumani lilikuwa juu mlimani, katika nchi ya Mangi Rindi na mwanawe Meli. Reli ya Usambara ilipofika tambarare, mwanzoni mwa miaka ya 1910, mji mpya ulizuka kwenye stesheni na kuchukua jina. Wajerumani wakasema Neu-Moschi na Alt-Moschi. Waingereza wakaitafsiri sehemu ya pili, na leo Wilaya ya Moshi ina kata zinazoitwa Old Moshi Mashariki na Old Moshi Magharibi. Jina kama hilo ni kisa kizima: neno la kwanza la Mwingereza, la pili la Wachagga, la tatu la Kiswahili cha serikali ya uhuru, na kila tabaka limeachwa juu ya lile lililotangulia.

Tofauti na Langenburg, Shinyanga na Moshi ziliponea kwa sababu shina la jina lilikuwa la wenyeji. Kiambatisho tu ndicho kilichokuwa cha mtawala, na kiambatisho hakikumuudhi mtu.

Nani anasimama wapi

Neno old halielezi umri peke yake. Linaeleza mahali anaposimama anayelitamka. Mtu aliyekaa karibu na boma mwaka 1930 hakuwa na sababu ya kuona kwamba kwao ni kwa zamani. Palikuwa kwao leo. Upya na ukale ulipimwa kutoka kwenye jukwaa la stesheni.

Wasukuma wana mazoea ya majina ya namna hii, na kwa hiyo huenda lilipokewa kwa urahisi. Sukuma kwa asili ni neno la upande: ni kaskazini. Dakama ni kusini, kiya ni mashariki na ng'weli ni magharibi. Watu wa Tabora waliwaita majirani zao wa kaskazini Wasukuma, na hao nao waliwaita walio kusini kwao Wadakama. Mtu wa Shinyanga angeweza kuwa Msukuma akitazamwa kutoka Tabora na Mdakama akitazamwa kutoka Mwanza, bila yeye mwenyewe kusogea hatua moja. Wakoloni walilichukua neno moja kati ya hayo, wakalichapa kwenye ramani na katika daftari za kodi, na upande ukageuka kuwa kabila. Old Shinyanga imepitia mkondo huo huo kwa kipimo kidogo: maelezo ya kimahali yaligandishwa yakawa jina la pekee.

Kiswahili cha pwani kingeweza kulitatua tatizo hilo kwa njia nyingine. Kilwa nayo ilihama, tena zaidi ya mara moja. Utawala na biashara vilitoka kisiwani vikaenda Kivinje, ambako Wajerumani waliweka boma lao, na baadaye makao ya wilaya yakawa Masoko. Jina la Kilwa lilifuata kila mara. Lakini wasemaji wa huko hawakuzitofautisha kwa upya na ukale. Walisema Kilwa Kisiwani, Kilwa Kivinje na Kilwa Masoko, na kila Kilwa ikapata neno linaloieleza bila kuifanya mabaki ya nyingine. Huko Unguja kuna Mji Mkongwe, lakini mkongwe ni neno la heshima, humwendea mzee. Old ya Shinyanga haikubeba heshima hiyo. Ilikuwa lebo ya kabati.

Anwani ya wanasayansi

Lebo hiyo ingeweza kufifia kama zilivyofifia lebo nyingi. Iliyoiokoa ni mbung'o. Mwaka 1929 serikali ya Tanganyika iliunda idara ya utafiti wa mbung'o chini ya C. F. M. Swynnerton, ambaye kabla ya hapo aliongoza idara ya wanyamapori, na makao ya idara hiyo yakawa Old Shinyanga. Wakati maduka na mahakama vilikimbilia kwenye reli, wataalamu wa wadudu walikwenda kinyume, kwa kuwa pori lenye mbung'o ndilo lililokuwa maabara yao.

Kwa miaka mingi iliyofuata, makala zilizosomwa London na kwingineko zilibeba anwani ya Old Shinyanga, Tanganyika. Ndiko C. H. N. Jackson alikofanya kazi ya kuwatia mbung'o alama, kuwaachia na kuwakamata tena ili kukadiria idadi yao porini, kazi inayotajwa hadi sasa katika historia ya ikolojia ya wanyama. Boma la zamani la Kijerumani lilijulikana kimataifa kwa jina ambalo wakati huo halikuwa na umri wa miaka kumi. Karani wa posta angeweza kulisahau; mwandishi wa jarida la sayansi hakuweza, maana anwani hunukuliwa na kunukuliwa tena.

Waliofanya kazi kubwa ya kuipunguza mbung'o hawakuwa na anwani. Katika miaka ya 1920 watemi wa Shinyanga, akiwemo Makwaia wa Busiya, waliwatoa watu wao kwa maelfu kufyeka pori kwa mashoka na moto ili malisho yarudi. Mwanawe, David Kidaha Makwaia, aliteuliwa mwaka 1945 kuwa mmoja wa Waafrika wawili wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, na jina la ukoo likapata nafasi yake katika historia ya taifa. Majina ya waliofyeka hayakuandikwa. Aina moja ya mbung'o wanaopatikana katika nchi hiyo iliitwa Glossina swynnertoni mwaka 1923, kwa heshima ya Swynnerton. Yeye alifariki katika ajali ya ndege mwaka 1938, pamoja na mtaalamu wa mimea B. D. Burtt. Mji haukupewa jina la Mwingereza, mdudu alipewa.

Jina linapobaki na watu wanapoondoka

Kuna upande wa pili wa jambo hili, nao unaonekana wazi katika ukanda wa madini. Shinyanga ni jina lililohama na kuwaacha watu. Machimboni hutokea kinyume chake: jina hubaki, watu huondolewa.

Mwadui inaanza kwa upole. Mkanada John Williamson aligundua mwamba wa almasi huko mwaka 1940, na mgodi ukajenga mji wenye uzio, wenye shule, hospitali na maduka yake. Kampuni ilichukua jina la Williamson, na baada ya kifo chake mwaka 1958, ikauzwa kwa De Beers na serikali, ikataifishwa kabisa miaka ya 1970, ikarudi kwa De Beers miaka ya 1990 na baadaye kwa Petra Diamonds, jina hilo halikuondolewa. Mahali paliendelea kuwa Mwadui. Wamiliki mbalimbali, jina la mtu mmoja juu ya hisa na la mtu mwingine, yule wa ng'wa-, juu ya ardhi.

Geita ilijulikana kwa dhahabu tangu enzi za Wajerumani, mgodi mkubwa ukafanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hadi 1966, na mgodi mpya ukafunguliwa mwaka 2000. Ndani ya ramani ya mgodi huo majina yamechanganyika kwa namna ya kuvutia: Nyankanga, Kukuluma na Matandani yanakaa bega kwa bega na Star and Comet, Lone Cone na Ridge 8. Ni lugha mbili za kuita ardhi. Ya kwanza humwambia mtu ni kwa nani au ni mahali pa namna gani. Ya pili humwambia mhandisi achimbe wapi.

Bulyanhulu, katika iliyokuwa Wilaya ya Kahama, ndiyo yenye uchungu. Wachimbaji wadogo walikuwa wamejaa huko hadi Agosti 1996, walipoamriwa na serikali kuondoka ili kuipisha kampuni ya Kahama Mining, iliyokuwa mali ya Sutton Resources ya Kanada. Mambo yaliyotokea wakati wa kuwaondoa yamebishaniwa tangu hapo. Mwaka 1999 Barrick iliinunua Sutton, na mgodi ukaanza uzalishaji mwaka 2001. Tangu hapo mwenye mgodi amekuwa African Barrick Gold (2010), kisha Acacia (2014), kisha Barrick tena (2019), na sasa kampuni ya ubia na serikali iitwayo Twiga. Baadhi ya mabadiliko hayo ya jina yalifuata mgogoro wa kodi au sifa. Kampuni hubadili jina kama mtu anavyobadili shati. Bulyanhulu halikubadilishwa mara moja, kwa kuwa lilikuwa limekwisha kuandikwa katika leseni na ripoti za wanahisa. Aliyefukuzwa mwaka 1996 anaweza leo kulisoma jina la kwao katika gazeti la biashara. Hilo halimpi haki ya kuingia getini.

Ikulu yarudi

Watawala wapya wa mwaka 1961 nao waliita mahali. Makao ya gavana mjini Dar es Salaam, yaliyoitwa Government House, yalipata jina la Ikulu. Neno la Wanyamwezi na Wasukuma la makao ya mtemi lilipewa nyumba ya mkuu wa nchi, na leo mtu wa Pemba au Mtwara hulitumia bila kujua kwamba lilitoka bara ya magharibi. Miaka miwili baadaye, mwaka 1963, serikali hiyo hiyo ilifuta vyeo vya utemi. Neno likapanda daraja huku wenye neno wakishushwa.

Hata hivyo tawala za kitemi zilirudi kwa mlango wa nyuma wa majina. Wilaya ya Kahama ilipogawanywa, halmashauri mpya ziliitwa Msalala na Ushetu. Mkoa wa Geita ulipoanzishwa mwaka 2012, ulipokea Bukombe na Mbogwe kutoka Shinyanga, na ukapata pia wilaya iitwayo Nyang'hwale. Jina hili la mwisho linastahili kutazamwa kwa makini na wanaisimu. Karani wa mwaka 1910 au 1930 asingeliacha lilivyo. Angelilainisha kama alivyolainishiwa Ng'wanza. Mwaka 2012 liliingia katika Gazeti la Serikali na ritifaa yake, h yake na w yake, na watangazaji wa redio wa Dar es Salaam wamelazimika kujifunza kulitamka.

Mjini Shinyanga pia kuna kata ya Kambarage na uwanja wa mpira wa jina hilo, kwa kumbukumbu ya Julius Kambarage Nyerere. Old Shinyanga haikuguswa. Kisarufi sababu yake inaeleweka. Katika Kiswahili kivumishi hufuata nomino na huchukua upatanisho. Old imetangulia nomino na haipatani na kitu. Kwa hiyo sikio la Kiswahili halikulisikia kama kivumishi hata siku moja. Lilisikia silabi ya kwanza ya jina, kama Mwa- ya Mwadui. Kulitafsiri sasa kuwa Shinyanga ya Kale kungekuwa ni kuwaambia wakazi, kwa lugha wanayoielewa, kwamba kwao ni kwa kale, jambo ambalo Mwingereza aliwaambia kwa lugha wasiyoielewa.

Reli ya pili sasa inajengwa katika nchi hiyo. Kipande cha Mwanza hadi Isaka cha reli ya kisasa kilizinduliwa mwezi Juni 2021, na njia yake, kama ile ya 1928, imepimwa kwa mteremko na umbali. Kila stesheni yake itahitaji kibao, na kila kibao kitahitaji jina.